Moto wa Kiberiti

Samadi ikishakauka chini ya kucha haitoki kwa maji ya kawaida, na Hana alikuwa ameacha kuihangaikia. Alichota udongo mwekundu uliochanganywa na mavi ya ng'ombe, akaubandika ukutani, akausambaza kwa kiganja, kisha akarudi nyuma autazame. Kurudi nyuma kulikuwa kazi nyingine. Tumbo lilikuwa la miezi ya mwisho na mgongo ulikuwa unalalamika tangu asubuhi.

"Mama Yustina, huo ukuta utaulamba?" aliuliza Selina, jirani yake, aliyekuwa anakandika upande wa dirisha.

"Ukuta wa nyumba yangu, nikitaka nitaulamba."

"Lamba tu. Ng'ombe wa Mzee Alute wanakula magadi, chumvi haitapungua."

Wanawake wakacheka, na Hana akacheka zaidi yao, kwa sababu aliyetaniwa ni yeye na nyumba ilikuwa yake. Mkutano wa kijiji ulisema hivyo. Wilaya ilileta mabati, watu wakajitolea kufyatua matofali, na mikono ikanyooshwa kwamba nyumba hiyo atakaa Mwalimu Manase, mumewe, aliyekuwa anafundisha Kiingereza pale tangu shule ilipokuwa kivuli cha mti na ubao. Walikuwa wamehamia kijiji hicho cha ujamaa, ng'ambo ya Kinyangiri, miongoni mwa watu wa kwanza. Manase aliamini. Kwa kuamini huko wakapata tembe la kujengwa harakaharaka, lenye paa la udongo ambalo mvua ikikatika nje, ndani inaendelea. Mvua zilizopita binti yao Yustina alilala chini ya meza. Mpaka sasa kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi.

Hana alikuwa ameshapanga kila kitu. Kitanda cha Yustina kingekaa huku, mbali na mlango. Mafiga yangekaa kule, kona ya jiko.

Udongo haujakauka vizuri, Katibu Simoni akaitisha mkutano. Alikuwa mtu wa kalamu mbili mfukoni, ingawa wino ulikuwa kwenye moja.

"Ndugu zangu, tumepata bahati. Tunaletewa mwalimu wa Kiingereza kutoka Kanada. Kiingereza chenyewe, si cha kuokota."

Watu wakamgeukia Manase. Manase akatazama viatu vyake.

"Huyo mgeni atakaa wapi?" aliuliza Hana.

"Kwenye ile nyumba mpya."

"Ile mmempa Mwalimu Manase. Mlinyoosha mikono."

"Mwalimu Manase ni mwenyeji, mama. Mwenyeji ana kwake."

"Kwangu kunavuja, ndugu Katibu."

"Kwa nani hakuvuji? Ndiyo maana tunajenga taifa."

"Na ile nimeikandika mimi, kwa mikono hii."

"Umeikandika kwa niaba ya taifa." Katibu alitabasamu kama anayembembeleza mtoto. "Au ulikuwa unakandika kwa ubinafsi?"

Neno hilo lilipotoka, hata Selina aliinamisha kichwa. Mwaka ule mtu akiitwa mbinafsi hadharani alikosa mbegu, akakosa jembe la kijiji, mwisho akakosa hata salamu. Mzee Alute, mwenyekiti, ambaye ndiye aliyeitazama ile mikono ikinyooshwa, alikohoa, akasema mkutano umefungwa.

Mgeni akaja kwa Landrova. Aliitwa Mis Elini. Alikuwa msichana mrefu, mwembamba, pua imeungua jua, na alikuja na sanduku la bati, jiko la mafuta ya taa, chandarua na vitabu vingi kiasi kwamba vijana waliovibeba walidhani ni matofali mengine. Siku za kwanza alikuwa burudani ya kijiji kizima. Kwa kuwa watoto walimwamkia njia nzima naye akafundishwa kuitika, alidhani kuitika ndiyo salamu yenyewe. Akakutana na Mzee Alute kisimani, akamwinamia kwa heshima zote, akamwambia, "Marahaba!" Mzee, maskini, akakosa pa kushika. Akajibu, "Shikamoo." Wanawake walilazimika kutua ndoo chini ili wacheke vizuri.

Hana hakucheka. Yeye alikuwa amebeba ndoo ya mgeni. Katibu alikuwa amepanga zamu, maana mzungu hajazoea kuchota, na zamu ya kwanza alimpa nani kama si mama mwenye ubinafsi, ajirekebishe.

Ndivyo alivyopata kuiona nyumba yake kwa ndani. Pale pa kitanda cha Yustina palikuwa na sanduku la bati. Kwenye kona ya mafiga palipangwa vitabu. Sakafu ilikuwa kavu, kavu ya kumfanya mtu atamani kulala chini bila mkeka. Wivu ukamkaa Hana tumboni, juu kidogo ya mtoto, nao ukawa unapiga mateke.

Madarasa ya Kiingereza akapewa Mis Elini. Manase akapewa kilimo na shamba la shule, na jioni akawa anakwenda kwa mgeni kumfundisha Kiswahili. Alikuwa anarudi amechangamka, anaongea peke yake, anajaribu namna ya kucheka ambayo Hana hakuijua.

"Shemeji siku hizi anacheka Kiingereza," alisema Selina kisimani. "Ukimfinya analia lugha gani?"

"Njoo umfinye mwenyewe."

"Mimi? Labda Mis. Mimi sina ruhusa ya Katibu."

Hana alijitwika ndoo yake, akaondoka. Njia nzima maji yalimwagika, maana alikuwa anatembea kwa hasira.

Jioni moja Manase alikuja nyumbani na Mis Elini mwenyewe. Mgeni alichuchumaa mbele ya Hana, magoti yale marefu yakafika masikioni.

"Shikamoo, Mama Yustina. Naomba moto wako."

Hana alimtazama mumewe.

Kwa mama yake Hana, na kwa bibi yake kabla ya hapo, mwanamke alihamia nyumba mpya kwa kaa la moto. Alilitoa kwenye jiko alilotoka, akalibeba kwenye kigae cha chungu, na njia nzima hakufungua mdomo, hata aitwe, hata atukanwe, mpaka kaa lile liwashe mafiga mapya. Baada ya hapo nyumba ina mwenyewe. Hana alimsimulia Manase mambo hayo zamani, kitandani, kabla hawajaoana vizuri.

"Umemwambia na hilo?"

"Ni mila tu, mama Yustina. Anapenda mila."

"Nataka kuwa mtu wa hapa," alisema Mis Elini, akaweka mkono kifuani. Alimaanisha. Hilo ndilo lililoudhi zaidi.

"Akichukua moto wangu, mimi nitahamia kwangu kwa moto gani?"

Manase hakutafsiri.

Katibu alipopata habari aliifanya sherehe. Shule ikaimba, mpiga picha akaletwa kutoka mjini, vitabu vikasogezwa, mafiga yakapangwa. Hana akatembea kutoka kwenye tembe lake, kimya kama inavyotakiwa, kigae mikononi kimefunikwa majani mabichi. Ndani ya kigae kulikuwa na majivu ya baridi. Kwenye pindo la kanga kulikuwa na kiberiti cha dukani kwa Hirji.

Aliinama kwenye kona. Kwa tumbo lile hakuna aliyeona mikono yake inafanya nini. Kijiti kimoja tu, majani makavu yakashika, moshi ukapanda, makofi yakapigwa. Mis Elini alilia machozi, na si ya moshi. Hana aliinuka akajifuta mikono. Kwa mara ya kwanza tangu ule mkutano alijisikia mwepesi. Nyumba ile ilikuwa bado haina mwenyewe.

Mvua zikaja mapema na mtoto akaja nazo. Alizaliwa wa kiume, chini ya turubai la kuazima. Mis Elini alikuja kumwona, na kofia ya sufu aliyoifuma mwenyewe, kubwa kuliko kichwa cha mtoto na cha babake. Akakaa kwenye kigoda. Tone la matope likamwangukia begani, likafuata la pili. Akatazama juu, akatazama sufuria zilizotandazwa sakafuni, akamtazama Yustina aliyekuwa anakohoa chini ya meza.

"Nyumba inavuja," alisema polepole. "Kwa nini hakuna nyumba nzuri?"

Hasira ya Hana ilitoka kwa Kinyiramba, maana hiyo ndiyo lugha aliyozaliwa nayo. "Ipo. Unalala humo wewe. Ukuta unaoegemea nimeukandika mimi, nikiwa na huyu tumboni, na watu walinyoosha mikono kwamba ni yetu. Mwambie, Manase. Mwambie kama nilivyosema."

Manase alisogeza sufuria chini ya tone. Kisha akasema kwa Kiingereza maneno mafupi, laini.

Mis Elini akatabasamu, akamshika Hana mkono. "Asante sana, Mama Yustina. Mimi pia."

Alipoondoka, Hana aliuliza, "Umemwambia nini?"

"Kwamba umeshukuru kwa kofia. Na kwamba unampenda."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Katibu angesikia. Unataka nikose na hilo shamba la shule?" Sauti yake ilipasuka. "Unadhani mimi sioni? Nasimama dirishani nawasikia watoto wangu wanasomeshwa na mtu mwingine, yale yale niliyowafundisha, ila kwake yanapigiwa makofi."

Ilikuwa mara ya kwanza Hana kujua kwamba wivu ndani ya tembe lile ulikuwa unalala na watu wawili.

Lakini Mis Elini alikuwa na macho, na hakuwa anajua kuogopa. Alikwenda kwa Katibu na Kiswahili chake cha kuchechemea, akauliza kwa nini mwalimu mwenzake ana paa la matope, na kwa nini wasigawane nyumba, vyumba vinatosha. Katibu alicheka sana, akamsindikiza mpaka mlangoni. Kabla mvua hazijakata barabara, Landrova ikaja. Shule moja ya sekondari mjini ilikuwa inamhitaji zaidi, na mazingira ya kijiji, alisema Katibu, yalikuwa yameanza kumchosha mgeni wetu.

Kijiji kilitoka kumuaga. Mis Elini alimkumbatia Hana na mtoto wake mgongoni, akaufumbua mkono wake, akauwekea ufunguo wa kufuli.

"Wewe uliwasha moto," alisema. "Nyumba yako."

Gari likaondoka. Hana hakungoja lipotee. Alikwenda kwenye tembe, akachagua kaa jekundu kuliko yote, akaliweka kwenye kigae, akafunika kwa kiganja. Safari hii kanga haikuwa na kiberiti. Manyunyu yalikuwa yameanza. Watu walimwona anapita na mtoto mgongoni, wakajua, wakampisha. Selina akawa anamfuata kwa nyuma, bila utani wowote.

Mlangoni alisimama Katibu Simoni na Mzee Alute. Kwenye komeo kulikuwa na kufuli jipya, lina mafuta bado.

"Mama, unakwenda wapi na moto?"

Hana alifika, akasimama. Mdomo ulikuwa umefungwa kwa ajili ya kaa.

"Nakuuliza. Nani amekuruhusu?"

Alimwonyesha ufunguo. Katibu akauchukua, akauangalia, akautia mfukoni pamoja na zile kalamu.

"Huu ni wa kufuli la zamani. Nyumba ni ya wageni sasa. Ataletwa mwingine. Una la kusema?"

Hana alimtazama Mzee Alute. Mzee alikuwa Mnyiramba. Mama yake mwenyewe alihamia kwa kigae. Alijua kwa nini mwanamke huyu hasemi. Angeweza kulisema hilo kwa niaba yake, neno moja tu. Akatazama mabati.

"Unaona, Mwenyekiti?" alisema Katibu. "Hata mwenyewe hana hoja."

Manase alikuja mbio kutoka shambani, matope mpaka magotini. "Twende, mama Yustina." Hana hakusogea. Alisimama chini ya ukingo wa paa, na maji ya mabati, safi, mengi, yakaanza kuteremka mstari mmoja mbele ya uso wake. Tone moja likaingia kati ya vidole. Kaa likalia kidogo, likanyamaza.

Hapo ndipo alipofungua mdomo. Lakini Katibu alikuwa ameshageuka.

Mvua zilipokwisha, kuta za nje zilikuwa zimechubuka na zamu ya kukandika ikatangazwa, maana mgeni mwingine hawezi kukuta nyumba mbaya. Hana alikuwa wa kwanza. Alisimama juu ya ngazi ya miti, mtoto mgongoni na ile kofia kubwa ya sufu imemfika machoni, anabandika udongo, anausambaza kwa kiganja. Yustina alikuwa chini anapasua mabonge, anapumzika, anakohoa, anapasua tena.

Upande wa pili wa uwanja, Manase alikuwa amerudishiwa Kiingereza chake. Dirisha lilikuwa wazi. Alisoma sentensi, darasa likaitika kwa sauti moja, kama kwaya. Hana alikuwa amelisikia somo lile mara nyingi hata akajua kila kipande kina maana gani, ingawa hakuna aliyewahi kumfundisha. Hii ni nyumba. Huu ni mlango. Mlango uko wazi.

"Tena!" alisema Manase.

Mlango uko wazi.

Hana alifika kwenye fremu ya mlango. Akazungushia udongo kwa uangalifu, pembeni mwa komeo, asije akachafua kufuli.