Hoho za Marehemu Rahabu

Mama Rahabu alipozikwa Kilimatinde, mkamwana wake Luciana aliachiwa miche ya pilipili hoho kando ya kisima. Mumewe alikuwa mbali, kwenye mashamba ya mkonge Tanga, na matanga yalingoja arudi. Ukoo ulishika mwiko: kabla matanga hayajaanuliwa, shamba la marehemu haliguswi kwa chuma.

Kwa woga Luciana hakugusa hata kwa mkono. Alimwagilia tu. Hoho zikageuka kichaka, maua yakidondoka bila kufunga matunda.

Urbano, mwenye kiwanja, alikuja akacheka. "Mkamwana wa Rahabu, unafuga sungura? Mpishi wa Mwingereza kule boma anataka hoho, si majani. Mvua ikianza hujavuna, kiwanja nampa mwingine."

"Ndiyo, baba," alijibu, akitazama chini. Kiangazi kile chakula chake chote kilitoka hapo.

Kesho yake asubuhi, akiteka maji, alisikia: tik. Tik. Ukucha ukivunja chipukizi. Mama Rahabu hakuruhusu mtu kuingia mistarini mwake, lakini sauti ile Luciana aliizoea toka kisimani. Aligeuka. Hapakuwa na mtu.

Mche wa kwanza ulikuwa umepunguzwa. Vichipukizi vyote vya chini ya panda, pale shina linapogawanyika, vimeondolewa, matawi mawili yameachwa, na ua la kwanza, lile la pandani, limetolewa. Vidonda vilikuwa vibichi, vinatoa maji.

Basi mwiko ulikuwa wa chuma. Kucha si chuma.

Alipiga magoti mstari wa pili, akaiga. Ng'ambo, majani ya mstari wa kwanza yalitikisika bila upepo, mche kwa mche, sambamba naye. Hakuthubutu kuinua macho. Ikawa hivyo kila asubuhi.

Hoho zikafunga, kubwa kama ngumi. Urbano aliporudi alichuma moja, akaipima mkononi.

"Nani kakufundisha?"

"Mama."

"Rahabu? Yule hakumfundisha mtu."

Luciana akainamia mche uliofuata. Urbano akatazama udongo kati ya mistari. Palikuwa na alama za magoti, pande zote mbili, zikitazamana, mbichi. Hoho ikamponyoka.

"Kiwanja kaa nacho," alisema akirudi nyuma. "Mimi sikitaki tena."

Alipotoweka, Luciana naye aliogopa, akatamani kumfuata mbio. Lakini machipukizi mapya yalikuwa yameshatokeza chini ya panda. Alikaza kanga kiunoni, akapiga magoti.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "leo nianzie wapi?"