Kigongo cha Banda la Kuku

Mdogo wangu Denzil alizaliwa na bahati ya kuokota, mume wangu Lyle akazaliwa na bidii ya kutafuta, na ukiwakalisha hao wawili meza moja kila Jumapili miaka nenda rudi, huna budi kujifunza kupika vyakula vya kuziba midomo.

Wakienda kuvua, Lyle hubeba fimbo mbili na kopo la minyoo aliyoichagua mwenyewe mmoja mmoja. Denzil huenda mikono mitupu, akaazima uzi wa Lyle, na anayerudi na samaki ni Denzil. Hata yule bata mzinga wa bahati nasibu ya kanisa alimwendea yeye, na tiketi alinunuliwa na Lyle. Siku ile Lyle alicheka na watu wote, ila masikio yake hayakucheka. Mume wangu akiona wivu masikio yake huwa mekundu, kuanzia chini kwenye ndewe, taratibu, kama chuma kinachopata moto.

Kitu kimoja tu Denzil hakuwahi kukigusa, nacho ni vigongo vya besiboli. Hiyo ilikuwa himaya ya Lyle. Tangu astaafu kiwanda cha samani, watu wa hapa kusini mwa Indiana walikuwa wanamletea vigongo vya babu zao, wamevifunga kwa taulo kama watoto wachanga, wanavilaza juu ya meza yangu ya jikoni, wanamuuliza, ni cha lini hiki, na kina thamani gani? Lyle hakuwa na haraka. Kwanza aliushika mpini, maana wa zamani walipenda mpini mnene, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo mipini ilivyokonda. Kisha alitazama kifundo cha mwisho, kama ni bapa au kimevimba kama uyoga. Kisha chapa iliyochomwa kwa moto, kila neno na kila nukta. Mwisho alikinusa. Watu walimcheka kwa kunusa, lakini yeye alisema kigongo kilichopigwa vanishi juzi hakiwezi kuidanganya pua.

Tena alikuwa na neno lake moja alilomwambia kila mtu kabla hajatoka mlangoni: usikisafishe. Uchafu ndio thamani. Alama za mpira, matone ya lami kwenye mpini, udongo wa uwanja ulioingia kwenye nyuzi za mbao, vyote hivyo ndivyo mnunuzi anavyolipia. Denzil alilisikia neno hilo mara nyingi kuliko wimbo wa taifa, lakini alilisikia akiwa anatafuna, na hakuwa na kigongo.

Kulikuwa na mkadiriaji mwingine, Merle Oetting, kinyozi wa mji wa jirani. Ukilitaja jina lake mbele ya Lyle alikuwa anasema, "Merle? Yule anakadiria kigongo kama anavyonyoa, kwa kukata tu."

Sasa, hapa kwetu, chini kule mtoni, palikuwa na kiwanda cha Haubner, na babu yake Lyle, mzee Ansel, alikuwa fundi wa kukereza vigongo pale. Kiwanda kiliungua zamani, Lyle hajazaliwa. Vigongo vya Haubner vya kabla ya moto vilikuwa na chapa ya tunda la mwaloni, na vilivyotoka mikononi mwa Ansel vilikuwa na alama ndogo ya kisu karibu na kifundo, kama unyayo wa ndege. Baada ya moto hapakuwa na tunda wala unyayo. Lyle alikitafuta kigongo kimoja cha namna hiyo kwenye minada ya mashamba, kwenye magereji, kwenye dari za nyumba za wajane. Hakukipata.

Jumapili moja ya Oktoba, nimeshaepua kuku na pudingi ya matunda ya persimoni iko kwenye oveni, Denzil akaingia na kigongo kwapani. Hakukifunga hata gazeti.

"Shemeji, nimekuletea kazi," akasema. "Jana kwenye mnada wa shamba la mjane Lottes nilinunua boksi la mipini ya majembe, nikapewa na hiki juu. Kilikuwa kinazuia mlango wa banda la kuku. Dada, usinitazame hivyo, nimekifuta mavi."

"Kiondoe juu ya meza ya chakula," nikamwambia.

Lyle alikipokea. Akaushika mpini. Akatazama kifundo. Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nami nikiwa na bakuli la viazi mkononi nikaona kwa macho yangu, chini ya utando wa vumbi la kuku, tunda dogo la mwaloni. Kidole gumba cha Lyle kilishuka mpaka karibu na kifundo kikasimama pale, kikasugua, kikasimama tena. Kwenye unene wake mishono ya mpira ilikuwa imejichapa kama mishono ya nguo. Lyle akakinusa kwa muda mrefu.

Masikio yake yalikuwa mekundu mpaka juu.

"Haya, tajiri mimi?" akauliza Denzil, ameshachukua paja la kuku. "Nipige simu kazini niwaambie wamtafute dereva mwingine wa lori la maziwa?"

"Cha miaka ya sitini," akasema Lyle. "Cha dukani. Waliiga vya zamani."

"Kumbe hata bahati yangu huwa inachoka!" Denzil akacheka mpaka akapaliwa. "Usinionee huruma, shemeji. Kuku hawakulalamika."

Lyle hakula pudingi siku hiyo. Ni pudingi anayoingoja mwaka mzima.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nikamwambia, "Nimeliona tunda."

Akaendelea kufuta sahani iliyokwisha kukauka. "Na unyayo upo," akasema. "Ni mkono wa babu, Verla. Kingeuzwa kwa bei ya gari jipya, lakini mimi sikiuzi. Nitakinunua kwake taratibu, maneno yakishapoa. Nitamwambia nataka cha kuzuia mlango."

"Mwambie ukweli. Denzil angekupa bure."

"Ndiyo maana!" akasema, na sahani nusura imtoke. "Angenipa bure, akicheka, huku anatafuna. Mimi nimetambaa kwenye dari za watu mpaka magoti yamekwisha. Yeye ananunua mipini ya majembe! Babu ni wa nani, wake au wangu?"

"Babu ni wako. Kigongo ni chake. Mwambie Jumapili."

Jumapili ilikuja, akasema koo linamuuma. Nyingine ikaja, akasema Denzil ana haraka. Kila mara nilimkanyaga mguu chini ya meza, na kila mara aliomba chumvi. Akijua yuko peke yake alikuwa anasimama gerejini mbele ya ukuta wa vigongo vyake, nafasi ya katikati ameiacha wazi na msumari ameshaupigilia.

Siku ya kuzaliwa Lyle iliangukia wiki ya sikukuu ya Shukrani. Denzil alikuja na kitu kirefu, safari hii amekifunga kwa karatasi ya kung'aa na utepe.

"Fungua, shemeji, kabla dada hajaleta keki ya kukutoa machozi."

Lyle alijua kabla hajafungua, maana aliishika karatasi kwa namna alivyowahi kuwashika watoto wetu siku ya kwanza. Nikaona masikio yakianza kuwa mekundu, lakini kwa furaha, nikasema moyoni, Mungu wangu, kumbe mambo yataisha vizuri.

Karatasi ikaanguka. Kigongo kiling'aa kama gitaa. Harufu ya vanishi ilifika mpaka kwenye jiko.

"Nimekifanyia kazi wiki mbili," akasema Denzil. "Msasa mkali kwanza, halafu mlaini, halafu vanishi mara tatu. Chapa ilikuwa imefifia, nikaiondoa yote, nikachoma hapa, soma: Kwa Shemeji Lyle, Bingwa wa Vigongo. Na huku karibu na kifundo palikuwa na mkwaruzo mbaya, kama kuku alikanyaga. Nimeusugua mpaka ukaisha. Gusa uone."

Lyle aligusa. Kidole gumba kilishuka mahali pale pale, kikapita moja kwa moja.

"Najua unakataza," Denzil akaendelea, amefurahi, "lakini hiki si ulisema cha dukani? Nikaona hakuna hasara."

"Hakuna," akasema Lyle. "Ahsante, Denzil."

Alikitundika kwenye ule msumari mwenyewe, Denzil akisimamia. "Kushoto kidogo, shemeji. Hapo. Kinawazidi wenzake wote!" Na kweli kilikuwa kinang'aa kuliko vyote.

Baridi yote Lyle hakuingiza mgeni gerejini. Watu walipopiga simu kuulizia vigongo vyao, alisema macho yanamsumbua.

Machi, theluji imeyeyuka, Denzil akaja tena Jumapili akitikisa kichwa na kujicheka. Kwapani ana kigongo, cheusi kwa masizi, mpini mnene kama mkono wa mtoto. Alikikuta chini ya baraza ya nyumba alikopeleka maziwa.

"Mbwa wao alikuwa anakitafuna. Tazama, shemeji."

Akamnyooshea. Lyle alikuwa ameketi mwisho wa meza, uma mkononi. Hakukipokea. Hakukitazama sana. Maneno yakamtoka kama mtu anayepiga chafya.

"Usikipige msasa."

Denzil akatabasamu. "Hata kikiwa cha juzi?"

Lyle akaweka uma chini. Mimi nikaweka bakuli mezani. Denzil akageuza shingo taratibu kuelekea mlango wa gereji, ulikuwa wazi, na kigongo kile kinaonekana ukutani kinang'aa. Akakitazama. Akakitazama hiki cheusi alichokishika. Tabasamu likawa bado lipo usoni, limesahauliwa pale.

"Kile kilikuwa cha lini, shemeji?"

"Kabla ya moto," akasema Lyle.

"Na ule mkwaruzo?"

"Wa babu yangu."

Denzil aliketi. Alikula kuku wake, na viazi, na maharage, sijawahi kumwona anakula bila kusema. Akala na sehemu yake ya pudingi mpaka kijiko kikagonga sahani. Kisha akasimama, akanibusu shavuni. "Ahsante kwa chakula, dada." Akachukua kigongo chake.

"Unakipeleka wapi?" akauliza Lyle.

"Kwa Merle Oetting," akasema Denzil, bila kugeuka.

Tulisikia gari likiondoka, kokoto zikiruka. Nilimngoja mume wangu aseme kitu, alie, atukane, aombe msamaha hata kwangu mimi. Alikuwa anautazama mlango, na wekundu wa masikio yake ulikuwa unapanda, kuanzia chini, taratibu.

"Merle," akasema hatimaye. "Yule hata hanusi."