Pumzi ya Dolphine

Ubeti wa tatu ulikuwa na shimo, na Dolphine ndiye aliyelichimba. Wimbo aliutunga mwenyewe. Alikuwa na pumu, kwa hiyo kila alipomaliza ubeti huo ilibidi asimame avute pumzi kabla ya kiitikio. Sisi akina mama wa kwaya hapa Sindo tulizoea kumngoja. Hewa ilimwingia ikilia kama mlango wenye kutu, ndipo tukaendelea.

Dolphine akafa mwezi wa pili. Wakanichagua mimi niongoze kwa sababu nina sauti na sichelewi. Niliutaka uongozi ule, sikatai. Lakini kila tulipofika mwisho wa ubeti wa tatu, wanawake ishirini walinyamaza wakangoja, na katika ukimya huo nilisikia mtu akivuta hewa.

Mimi si mtu wa mambo hayo. Nafundisha watoto wa nasari. Sauti zisizo na mwenyewe nimezizoea. Nilikagua mabati. Nikakagua dirisha. Nikamuuliza Lynnet, kiongozi wa sauti ya pili, kama ana mafua.

"Mafua yangu yanakuhusu nini, Mama Liz?"

"Nasikia mtu akivuta pumzi."

"Kumbe hata wewe unamsikia," akasema, akajifunga leso, akaenda zake.

Halafu pumzi hiyo ikanifuata nyumbani. Nilikuwa nachagua mchele, binti yangu Liz akaniuliza, "Mama, mbona siku hizi unaacha maneno katikati?"

"Naacha wapi?"

"Hapo. Unanyamaza, kama unamngoja mtu."

Nikaamua kuliziba lile shimo. Jumamosi iliyofuata niliwaambia akina mama kwamba wimbo si steji ya bodaboda, hatusimami kungoja abiria. Mwisho wa ubeti, kiitikio moja kwa moja.

"Ukimfukuza atageuka chien," Lynnet akasema. Chien ni roho ya marehemu iliyokataa kutulia.

"Ageuke kwa sababu ya kiitikio? Imbeni."

Wakaimba bila kubisha. Hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Akina mama ishirini wasiobisha hawajakubali chochote.

Mwezi wa tano makanisa yalikutana Sori, kwao Dolphine. Mama yake, Dani Wilkista, dani yaani bibi, aliwekwa kiti cha mbele, maana tulikuwa tumetangaza kwamba wimbo ni wa kumkumbuka bintiye. Nikaanzisha. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu. Nikaingia kwenye kiitikio.

Niliingia peke yangu. Nyuma yangu midomo yote ilikuwa imefungwa. Sauti yangu ikatoka kwenye spika, ikazunguka uwanja mzima, ikanirudia. Kuna mtu alicheka. Dani Wilkista akainuka, akashika fimbo yake, na alipopita karibu nami akasema polepole, "Mmemkaba mtoto wangu."

Jumamosi iliyofuata walikuja mazoezini wote, hata wale ambao kila mara husingizia wageni. Walitaka kunitoa.

"Unatuongoza kama watoto wako wa nasari," Lynnet alisema. "Keti, simama, nyamaza. Dolphine alikuwa anatuuliza."

"Na unaanza chini," akadakia Kezia, "kama mtu anayevuta ndoo kisimani."

"Kamba ikiwa imekatika," mwingine akaongeza. Wakacheka.

Mimi nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimelipika wiki nzima: nyinyi ndio mlioniacha uchi mbele ya watu, na mkaliita hilo heshima kwa marehemu. Nikavuta hewa nilitoe, na hewa niliyoisikia haikuwa yangu. Ilitoka nyuma ya shingo yangu, ndefu, ikikwaruza. Sikugeuka. Nilingoja iishe, na ilichukua muda wake. Ilipoisha, lile jibu lilikuwa limepoa mdomoni, na nilipolionja niliona halina chumvi.

"Ni kweli," nikasema. "Sikuwauliza. Na kuanza naanza chini. Mkitaka kunitoa, nitoeni. Lakini nitaenda kwa Dani Wilkista kuomba msamaha, hata kama ni peke yangu."

Lynnet akajifunga leso upya.

"Peke yako ukatuaibishe tena?" akasema. "Tutaenda sote. Habari ya kukutoa tutaizungumza tukirudi."

Dani Wilkista hakutupa viti. Tulisimama uani kwake, ziwa likionekana chini ya ua. Nikaomba msamaha kwa Dholuo, bila kumtaja mtu mwingine yeyote.

"Imba," akasema.

Nikaanza. Mstari mmoja tu, fimbo ikagonga ardhi.

"Umeanza chini."

Nikaanza upya, juu zaidi.

"Chini! Huyo ni mtoto wangu, si gunia la mahindi."

Lynnet akaficha uso kwenye leso, mabega yakimtikisika. Masikio yalinichoma. "Sawa, Dani," nikasema, nikaanza mara ya tatu, juu kabisa, mahali ambapo sauti yangu hukwaruza. Fimbo haikugonga.

Mwisho wa ubeti wa tatu nikasimama. Wote wakasimama. Tukangoja.

Hakuna kilichokuja. Nilisikia mawimbi, nikasikia kuku. Dani aliinamisha kichwa kutega sikio. Tulingoja kupita muda wowote ambao Dolphine aliwahi kuhitaji. Nikageuza macho kidogo nione wanawake wangu wanamtazama nani, nikakuta wananitazama mimi.

Nikafungua mdomo kuvuta pumzi. Hewa ikaingia kifuani mwangu ikipiga mluzi, nyembamba, ikigoma, kama inapitia tundu la sindano. Sina pumu. Sijawahi kuwa nayo.

Dani Wilkista akafumba macho. "Haya," akasema. "Endelea."

Nikaingia kwenye kiitikio, na safari hii waliingia nami wote ishirini, kabla sijageuka kuwatazama.