Masele Hajavuka

Mto ulikuwa umejaa hadi kingoni, lakini daraja jipya la zege lilipita juu yake kwa kimo cha ghorofa tatu. Kwa hiyo sikuelewa kwa nini lori limesimama.

"Mzee kainua bendera," alisema Fikirini, dereva wetu.

Nilikuwa nyuma, juu ya magunia matupu, nimemshika jirani yangu Nyamizi. Uchungu ulikuwa umembana tangu alfajiri. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, si mkunga, na Kolandoto kwenye hospitali kulikuwa bado mbali.

Nikaruka chini. Masele alisimama katikati ya barabara, koti la kazi limefungwa vifungo vyote, bendera nyekundu mkononi. Kwa miaka thelathini na tisa alilinda daraja la zamani, lile la mbao lililo chini. Mto ukifurika alizungusha gurudumu, minyororo ikainua kipande cha kati ili magogo yapite, na watu wa pande zote wakangoja. Maji yakipungua, alikishusha, akavuka yeye kwanza kwa miguu. Ndipo wengine.

"Shikamoo, baba. Tuna mama mwenye uchungu."

"Marahaba, mwalimu. Mto umejaa. Daraja limefungwa."

"Lile la chini! Hili ni jipya, liko juu!"

"Hili nani amelivuka mto ukiwa umejaa?"

Nikamgeukia Fikirini. "Si ulipita juzi?"

"Juzi palikuwa pakavu." Akajikuna shingo. "Na mzee huyu hajawahi kukosea, mwalimu."

Nilitaka kucheka. Nikachungulia chini. Maji mekundu yalizizunguka nguzo kwa kishindo, na kadiri nilivyoyatazama ndivyo yalivyoonekana yamesimama, daraja ndilo linakwenda. Nikashika ukingo.

"Mwanaidi!" Nyamizi aliniita kwa kelele kutoka kwenye lori. "Mnapanga mahari huko?"

"Basi vuka wewe kwanza, baba," nikasema. "Kama siku zote."

Masele akafikiri, akavua viatu. Akatembea polepole, kila hatua akiikanyaga mara mbili. Nikapanda tena kwa Nyamizi, tukamfuata kwa gia ya kwanza.

"Mpigie honi!" nikagonga paa.

"Nimpigie honi Masele? Aliyemvusha mama yangu akija kuolewa?"

Katikati ya daraja mtoto akateleza akaingia mikononi mwangu, wa kike, kimya. Nikampangusa kinywa kwa khanga, nikamsugua mgongo. Akalia. Masele hakugeuka. Alipofika ng'ambo, lilikokuwa basi likingoja, ndipo alipokuja kuegemea lori letu.

"Mwalimu, ulikuwa huko juu. Daraja limetikisika?"

Lori lilikuwa likinguruma chini yangu, Nyamizi akilia na kucheka kwa pamoja. Kitu fulani kilikuwa kimetikisika.

"Sijui, baba. Kweli sijui."

Akaitikia kwa kichwa, akamwendea dereva wa basi.

"Ngoja kwanza, ngosha, ndugu yangu," akamwambia. "Mwalimu hana hakika."