Hopsi Iliyosokotwa Kinyume

Ilisikika fwaa, kama shuka linalochanwa taratibu, kisha kimya. Eilev alikuwa jikoni akipaka mkate siagi. Ilipokuja fwaa ya pili, ndefu kuliko ya kwanza, aliweka kisu chini akatoka nje bila viatu.

Hopsi, mmea utambaao unaotia bia uchungu, ilikuwa chini. Jana jioni mashina yake yalikuwa yamefika nusu ya ukuta wa ghala, kila moja na uzi wake, yakikimbilia mapaa. Sasa yalikuwa yamelala kwenye majani yenye umande, moja juu ya jingine, na nyuzi zilining'inia tupu. Kumi na moja yalikuwa yameanguka. Moja tu lilibaki, tena lenyewe limeinamisha kichwa.

Mkewe Torgunn alitoka zizini na ndoo ya maziwa.

"Eilev! Umeifanya nini?"

"Nimekata vifungo tu. Baba yako ndiye aliyesema."

Hilo lilikuwa kweli. Jana mzee Oddbjørn alikuwa amefoka kutoka chumba cha juu, alikolala tangu avunjike nyonga mwezi wa Aprili: "Hopsi haifungwi kamba kama mbuzi! Kata, ijishike yenyewe!"

Katika nyumba ile hakuna aliyekumbuka Krismasi iliyopikwa bia kwa hopsi ya dukani. Uchungu na harufu ya bia yao vilitoka kwenye ukuta ule, basi. Mzee alipoanguka aliweka sharti: Eilev akiifikisha hopsi kwenye mapaa, bia ya Krismasi ataipika yeye, na chachu ya ukoo itabaki nyumbani. Eilev ndiye atakayeimwaga ndani ya pipa na kupiga ule ukelele unaoamsha chachu, ambao majirani huutega sikio ili wajue bia itakuwa kali kiasi gani. Akishindwa, chachu inakwenda ng'ambo ya ziwa kwa Arnkjell, mpwa wa mzee. Arnkjell alikwishaiulizia mara mbili. Jumapili angekuja kuitazama hopsi kwa macho yake.

Eilev alichuchumaa, akainua ncha ya shina moja, yenye kukwaruza kama ulimi wa paka. Akaizungusha kwenye uzi kama alivyozoea, kutoka kushoto kwenda kulia. Akaiachia. Ncha ikajifungua polepole, ikaanguka. Akaizungusha upande wa pili, kutoka kulia kwenda kushoto, kwa mzunguko wa jua. Akaiachia. Ikang'ang'ania.

Damu ilimpanda usoni. Kwao, kusini pwani, alikulia kwenye maharage, na maharage hupanda kinyume na jua. Mwezi mzima alikuwa akizikuta ncha zimejigeuza, naye akizirudisha na kuzifunga, akidhani ni ukorofi wa mmea.

Torgunn aliona, akaangua kicheko hadi maziwa yakamwagika.

"Umeipandisha kama maharage!"

"Na wewe mzaliwa wa hapa, hukuona?"

"Mimi jioni nipo na ng'ombe. Aliyekuwa akikuangalia ni baba, na kila siku alisema unafanya sawasawa." Akaacha kucheka. "Sikiliza. Zifunge tena, upesi, kwa uzi wa kijani. Hataona. Wala Arnkjell hataona."

"Mimi nifiche kazi yangu? Nikishindwa, nishindwe waziwazi."

Akapanda ngazi na miguu yake yenye matope.

Kitanda cha mzee kilikuwa kimeegemea dirisha, kichwa kikiwa upande wa kioo cha dirisha, na muuguzi alikuwa amekataza asijipindue. Ndiyo maana Torgunn alimtundikia kioo cha kunyolea ndevu ukutani mbele yake. Humo mzee aliona ua, ghala na ukuta mzima.

"Zimeanguka," alisema Eilev. "Nilizisokota kinyume na jua."

"Wacha uongo, bwana maharage. Nilikuangalia kila jioni. Kulia kwenda kushoto, safi kabisa. Lile lililobaki si lile pale? Tazama!"

Eilev alitazama ndani ya kioo. Shina lile moja lilipanda kulia kwenda kushoto, bila kosa lolote. Akageuka akatazama dirishani. Kushoto kwenda kulia.

Alifungua mdomo. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi, nalo lingemtoa hatiani mara moja. Akaufunga. Kuzisokota, alizisokota mwenyewe.

Lakini mzee alikuwa amemfuata kwa macho, kioo, dirisha, kioo. Akainua mkono wa kulia. Mzee wa kwenye kioo akainua wa kushoto. Oddbjørn akauangalia mkono ule kitambo, akauteremsha juu ya blanketi.

"Torgunn!" akaita. "Njoo mshike kitanda hiki. Kigeuzeni."

"Muuguzi alisema..." Torgunn alianza, akiingia.

"Muuguzi hapiki bia!"

Wakakigeuza inchi kwa inchi, mzee akisaga meno. Kisha Eilev akashuka uani, akaegemeza ngazi kwenye ukuta wa ghala, akaanza shina la kwanza. Mashina mawili yalikuwa yamevunjika, hayo aliyakata. Dirisha la juu likafunguliwa, mzee akafoka.

"Kushoto! Taratibu, usilinyonge! Hilo si shingo ya Arnkjell!"

Hadi saa sita mchana mashina tisa yalikuwa yamepanda, pamoja na lile lililobaki, ambalo alilisokota upya, na la kumi linasubiri. Hayakuwa marefu kama jana. Mapaa yalikuwa mbali.

"Na Arnkjell akija Jumapili?" Eilev aliuliza kutoka kwenye ngazi.

"Mpe kahawa."

"Na chachu?"

Mzee aliegemeza kiwiko kwenye kizingiti cha dirisha.

"Eilev," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kumwita kwa jina lake. "Zifike mapaa, zisifike, chachu utaimwaga wewe. Ukelele tutaupiga wawili. Nami nitakuwa nimesimama kando ya pipa kwa miguu yangu. Nakuahidi."