Maji ya Mgongo wa Gloire

Mathilde aliingia maabara ya hospitali ya mji wa Nchelenge na kipande cha kitenge kipya kwapani, akasema amekuja kuchukua maji ya mtoto wake. Binti yake Gloire, miaka saba, alikuwa amekufa kwa homa ya ubongo wiki tano nyuma. Kabla hajafa madaktari walimchoma sindano mgongoni, wakatoa maji ya kupima. Mathilde ndiye aliyekubali, na tangu mazishi mama mkwe wake, Agnès, hajamsemesha.

"Nilimuzika mwenye kupunguka," alimwambia Thelma, mpimaji. "Kwetu mutu anaingia mu udongo na vyake vyote. Munirudishie ile maji, niipeleke ku kaburi."

Thelma alimvutia kiti. "Bamayo, mama yangu, ilikuwa matone tu. Niliimwanga juu ya seli, ikaisha. Ule ugonjwa njo ulibakia. Uko muzima."

Mathilde alitaka kuuona huo uzima. Thelma akamwonyesha picha mbili kwenye kompyuta. Ya kwanza ilikuwa ya chupa yenye seli za figo ya nyani zilizopewa virusi vya Gloire: zimejikunja, zimebanduka, siku ya tatu yamebaki matundu. Ya pili ilikuwa ya seli za mbu. Hizo zilipewa virusi vilevile, na zilikuwa zimetulia, zimeshikana, zinazidi kuongezeka.

"Hizi hazigonjwi?"

"Hapana. Za mbu zinaubeba tu. Hata leo."

Siku tatu. Gloire naye alimaliza siku tatu, akiita mama huku hamjui mama aliyemshika. Mathilde alinyoosha kidole kwenye picha ya pili.

"Basi muuuwe. Leo, mbele ya macho yangu."

"Tunautunza, bamayo, kusudi tuujue. Tunaupatia joto, tunazilisha zile seli kila juma."

"Munaulisha!" Mathilde alipiga ukelele. "Gloire alikufa bila kumeza hata kijiko cha uji, na huyu munamulisha!"

Thelma alilia, lakini ndani ya machozi yake hamkuwa na cha kwenda kuzika.

Mathilde alipofika Kabuta, kijiji alikomzika Gloire, alimkuta Agnès kaburini. Bibi alikuwa amesikia safari ya maabara, na alikuwa ameshachimba kishimo kwa mikono yake, magoti yote udongo. Mathilde alikunja kitenge kitupu mara nne, akakiweka humo taratibu.

"Ile maji iko ndani?" Agnès aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha baada ya wiki tano.

"Iko, mama," Mathilde akasema, akaanza kufukia.