Siku Nilipomkimbia Mgonjwa Kitandani

Korona ilipoingia, ofisi nyingi zilifungwa. Yetu haikufungwa, maana sisi hutibu saratani kwa mionzi, na saratani haikusikia habari za karantini. Mimi, mtaalamu wa mionzi, ndiye niliyekuwa nikiwatoa wagonjwa hofu mlangoni: "Msiwe na wasiwasi, hapa mko salama." Nilisema hivyo nikiwa nimevaa barakoa mbili, miwani ya plastiki, gauni, na juu yake koti la mvua la mke wangu, la maua.

Kulikuwa na fundi cherehani, mama wa miaka sitini na ushei, mwenye uvimbe kooni. Kila asubuhi ilibidi avue barakoa, nimfunike uso kwa kinyago cha plastiki chenye matundu, kisha nikibane kitandani ili kichwa kisicheze. Yaani hospitali nzima, mwoga kuliko wote ndiye aliyepewa kuinamia pumzi za watu.

Asubuhi ya kumi na tisa, nilipobana kibanio cha mwisho, akakohoa. Usoni mwangu.

Ningependa kusema nilitulia. Nilitoka mbio. Nikajikuta kwenye sinki la korido, najisugua sabuni mpaka masikioni, miwani bado ipo machoni. Matroni akapita.

"Mgonjwa wako yuko wapi?"

"Ndani."

"Anafanya nini?"

"Amebanwa kitandani."

Akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. Nikarudi mbio kuliko nilivyotoka.

Nilifungua vibanio vyote. Uso wake ulikuwa na alama za matundu, na machozi yalikuwa yamechirizika pembeni.

"Ulikwenda kuleta nini, mwanangu?" Sauti yake ilikwaruza.

"Kuangalia mashine, mama."

"Mashine si hii hapa?"

"Nilikimbia, mama. Niliogopa kikohozi chako. Nisamehe."

Akajifuta machozi. "Koo limekauka tu. Si wewe uliyeniambia mionzi itanikausha?"

Ni kweli, nilimwambia. Tena somo hilo huwa nawafundisha wanafunzi kila mwaka, na picha nawaonyesha.

"Hata mimi kila asubuhi natamani kukimbia," akasema. "Ila mimi nimefungwa. Haya, nibane tena. Lakini ukitoka, aga."

Tangu siku hiyo niliaga kila nilipotoka kwenda kuwasha mionzi. "Mama, natoka, dakika kumi tu, nakuona kwenye skrini." Siku ya mwisho, ya thelathini na tano, niliaga kwa maneno mengi mno, hata yeye, asiyeweza kufungua mdomo ndani ya kinyago, akanipungia vidole nimwondokee atibiwe.

Uvimbe uliisha. Sasa huja kupimwa kila baada ya miezi mitatu, na sauti imerudi, kali. Juzi aliwakuta wanafunzi wangu kwenye benchi, akawasimulia yote, akaigiza mpaka nilivyokuwa nikikimbia. Niliwaambia mama huyu ameongeza chumvi.

Hakuongeza hata chembe.